Nani Mgonjwa Nairobi?

Nilipomwambia mama kwamba nimekata tiketi mbili za treni, kwenda Ijumaa asubuhi na kurudi Jumapili usiku, aliuweka mkasi juu ya meza, akavua miwani, akauliza kwa sauti ya chini: "Nani mgonjwa?"

Nikamwambia hakuna mgonjwa.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Twaenda kutembea."

Akaendelea kunitazama, akingoja nimalizie habari. Nilimwelewa. Kwa mama, na kwa wanawake wengi wa rika lake ninaowajua hapa Mombasa, mtu haendi Nairobi kwa hiari yake, hupelekwa. Hupelekwa na maradhi yaliyoshindikana huku kwetu, au na simu iliyolia saa tisa za usiku. Yeye alikuwa ameshafika mara tatu. Mara ya kwanza alimshika mkono babu, aliyekuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mara ya pili, mwaka 2010, alikwenda kumuuguza baba. Mara ya tatu alikwenda kuichukua maiti ya dada yake. Ukimuuliza Nairobi ikoje, angekusimulia kituo cha mabasi alfajiri, ukumbi mrefu wenye benchi za mbao, na bei ya chai.

Nilitaka aende mara moja bila kumbeba mtu.

Kila niliyemweleza alishangaa kwamba nimechagua Julai, mwezi ambao hata wenyeji wa Nairobi huulalamikia. Lakini mama ni fundi wa nguo, na mwaka wake una mpangilio wake. Disemba na Januari ni sare za shule. Kabla ya Idi zote mbili ni kukesha, cherehani inalia mpaka muadhini anaadhini alfajiri. Harusi huangukia zinapoangukia. Julai ndipo cherehani hupumua kidogo, nami nilikuwa na likizo ya siku nne. Basi ikawa Julai, kipupwe kimeshika, wakati ambapo hata sisi wa pwani tunatafuta shuka la pili usiku.

Alipokubali, alianza kupakia. Mimi nilikuwa na mkoba mmoja. Yeye alikuwa na begi, kapu, na ndoo yenye kifuniko. Usiku wa kuamkia Ijumaa alikaanga mahamri mpaka saa sita. Akatia achari ya maembe, ndimu, nazi sita zilizofuliwa, na papa mkavu aliyefungwa kwa magazeti matatu na mfuko wa plastiki juu yake. Nilimwambia hizo nazi zinauzwa Nairobi. Akanijibu kwamba za kununua si za kuletewa, na hapo nikakosa la kusema.

Neno gumu nililichelewesha mpaka mwisho: nilikuwa nimekodi chumba katikati ya mji. Binti wa mjomba wake anaishi Pumwani, na kwetu kulala nyumba ya wageni kwenye mji ulio na jamaa yako ni kama kumwambia mlango wake haufai. Mama alinyamaza muda mrefu. "Watu watanionaje?" akasema. Nikamweleza kwamba tukilala kwa jamaa atashika ufagio saa kumi na mbili asubuhi na kuingia jikoni saa moja, kwa sababu namjua. Hakukana. Tukakubaliana tulale kwenye chumba, Jumamosi tushinde Pumwani, na maneno ya kujitetea atayatafuta yeye mwenyewe njiani.

Kituo cha Miritini mizigo hupangwa chini kwa mstari, na mbwa hupitishwa kunusa. Mama alikuwa ameambiwa habari hiyo na majirani, akajitayarisha. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi, kitu kikiguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo kila mzigo alikuwa ameuvisha gunia jepesi ambalo angeweza kulivua na kulitupa. Alisimama pembeni, leso imefungwa barabara juu ya buibui, macho hayabanduki kwenye kapu. Mbwa akapita. Kwenye papa mkavu akasimama, akainua kichwa kumtazama bwana wake, akaendelea. Mama akashusha pumzi, akavua magunia, akayakunja. Hakuyatupa. "Kuna kurudi," akasema.

Treni ya asubuhi husimama njiani: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River. Ni safari ya saa sita hivi. Nilimwachia dirisha. Safari zake zote za awali alikwenda kwa basi la usiku, na mtu mgonjwa au msiba ubavuni; nchi iliyo kati ya Mombasa na Nairobi alikuwa hajawahi kuiona kwa macho, ingawa aliivuka mara sita kwenda na kurudi. Baada ya Mariakani minazi ikaisha. Akageuka kuniuliza kama imeisha kweli au itarudi mbele. Nikamwambia imeisha. Akaitazama ile nchi kavu kwa heshima ambayo sikuitarajia.

Tsavo tuliwaona ndovu, wekundu kabisa kwa vumbi la udongo wao. Mama alisimama na kuwahesabu kwa sauti, kama anavyohesabu vifungo. Kumi na mmoja. Abiria wa kiti cha mbele yetu, mzee wa Kikamba mwenye kofia ya sufu, akamwambia reli ya kwanza ilipopita hapa, simba waliwala wajenzi. Ni kweli, ilikuwa mwaka 1898, na reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Nairobi 1899, wakati Nairobi haikuwa mji bado. Ilikuwa tambarare yenye kinamasi na mto, mahali Wamaasai walipokuwa wakinywesha ng'ombe, na jina lenyewe ni lao: maji baridi. Mama akarudia polepole, "Maji baridi." Akavuta mtandio wake karibu na shingo, na bado tulikuwa Voi, jua linawaka.

Tulipopita Emali jua likapotea. Mbingu ilikuwa ya kijivu, imeshuka chini, na ikabaki hivyo mpaka Syokimau. Tukabadilisha treni ya kuingia mjini, na tuliposhuka kwenye stesheni ya zamani, mama alifungua mdomo kusema kitu, moshi ukamtoka. Alinyamaza. Akapuliza tena kwa makusudi, taratibu, akautazama ukiyeyuka. "Ndoo uone," akaniambia, nami nilikuwa bega kwa bega naye. Mara tatu alizofika, alikuwa hajawahi kupata nafasi ya kutazama pumzi yake mwenyewe.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu baridi hii watu wa pwani huizungumzia kama kwamba Nairobi imeitengeneza yenyewe, na ukweli ni mzuri kuliko hivyo. Upepo unaoleta baridi ya Julai Nairobi ni kusi. Ni kusi huyuhuyu wetu, anayevuma kutoka kusini-mashariki, anayechafua bahari katikati ya mwaka, ambaye zamani alivisukuma vyombo kurudi Arabuni na Bara Hindi. Sisi tunaupata ukiwa umepita juu ya maji ya vuguvugu. Ukishaiacha pwani unaanza kupanda bara, na hewa inayopanda hupoa, kama nyuzi sita kwa kila mita elfu moja. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Unapofika huko, unyevu uliochotwa baharini umekuwa mawingu mapana yasiyo na mvua ya maana, yaliyoufunika mji kama kifuniko cha sufuria. Asubuhi ni nyuzi kumi na moja au kumi na mbili, mchana ukibahatika ishirini na mbili.

Nilimweleza mama haya usiku ule, tumekaa kitandani na vikombe vya chai ya tangawizi. Babu, baba yake, alikuwa baharia. Alikuwa akijua saa na msimu kwa upepo kwenye shavu, na macho yalipoingia ukungu upepo ndio uliobaki kuwa kalenda yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo huyu ni kusi wetu?"

"Ni yeye."

"Basi baba alimjua." Akanywa chai. "Siku ile niliyomleta kwa ajili ya macho, tulishuka kwenye basi, akasimama na kugeuza uso. Akasema, nimeshafika mahali napajua. Nikadhani ni maneno ya uzee."

Chumba kilikuwa na vitanda viwili. Tulilala kimoja, blanketi nne juu yetu, na chupa ya maji moto miguuni. Sijalala na mama kitanda kimoja tangu nina miaka tisa. Alikuwa amevaa soksi mbili, moja juu ya nyingine, na hata hivyo miguu yake ilikuwa baridi kama chuma cha dirisha. Aliibandika kwenye yangu bila kuomba ruhusa, akalala.

Jumamosi tulianza na Gikomba, soko la mitumba, kwa sababu mtandio haukutosha na mama hakukubali nimnunulie koti jipya dukani. Kulikuwa na manyunyu na njia za soko zilikuwa tope tupu, mbao zimetandikwa hapa na pale za kukanyaga. Nilihofia goti lake. Lakini mama aliingia Gikomba kama mtu anayeingia karakana yake. Kila upande marobota yanafunguliwa, wachuuzi wamepanda juu ya meza wanaita, na yeye anapita akigusa vitambaa kwa ncha za vidole, hatazami hata rangi.

"Mathe, kuja uone, hii ni kamera!" kijana mmoja akamwita. Kamera ni nguo za chaguo la kwanza, zinazotolewa robota linapofunguliwa tu. Zinazobaki mwisho, za kuzolewa chini, huitwa fagia. Kijana alimweleza hivyo kwa adabu, na mama akalipenda neno fagia akalirudia mara mbili. Kisha akachomoa koti moja la sufu la rangi ya kahawia, akaligeuza ndani nje.

Sijui niwaelezeje watu wasioshona jinsi fundi anavyosoma nguo. Hakulivaa. Alipitisha kidole kwenye upindo wa chini, akavuta kishono cha bega, akafika kwenye bitana akatulia. "Tazama," akaniambia, na kijana naye akainama kutazama. Kule mgongoni, bitana ilikuwa imekunjwa mkunjo mmoja mrefu, imeachwa pana kuliko koti lenyewe. "Ameacha nafasi. Mtu akiinua mikono, bitana inafunguka, koti halimkabi. Aliyeshona hili alikuwa anamfikiria mtu." Akalivaa hapo hapo, juu ya buibui, akainua mikono yote miwili juu katikati ya Gikomba, na watu wakampisha.

Kijana alitaka mia tano. Walizungumza, sitayaandika yote, ila yalipita kwenye bei ya uzi, karo ya watoto, na kama Mombasa ni kweli samaki ni rahisi. Aliliuza mia tatu. Mama alimwachia mahamri matatu ndani ya gazeti. Mimi nilipata kofia ya marvin, ile ya kubana kichwa, ambayo mama hakuisifu.

Kutoka Gikomba kwenda Pumwani ni mwendo mfupi wa miguu. Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, iwe mahali pa Waafrika kuishi kwa ruhusa, na wengi wa waliohamia walikuwa Waislamu waliotoka vijiji vya zamani vya mji kama Pangani, ambayo yenyewe ilikuja kubomolewa yote 1939. Wakaaji waliruhusiwa kujijengea, na ndiyo maana sehemu yake huitwa Majengo, kama Majengo yetu Mombasa. Nyumba za zamani zilizobaki zina mpango wa nyumba za kwetu: mlango wa mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma. Nilipoingia nilijua pa kuvua viatu kabla ya kuonyeshwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Alinishika uso kwa mikono miwili, kisha akamgeukia mama. "Nasikia mwalala nyumba ya kukodi na mimi ni hai."

Mama, ambaye alikuwa na kilomita karibu mia tano za kutafuta maneno, alisema, "Huyu mtoto hunipeleka anavyotaka," akainua kapu. Papa mkavu alitolewa, harufu ikajaa ukumbini, na mama mdogo akaacha kesi.

Tulikaa uani mchana kutwa. Nazi zilikunwa, papa akaingia kwenye mchuzi, wali ukafunikwa na makaa juu ya kifuniko. Baridi ilipozidi, mama mdogo alileta jiko mlangoni, lakini si kabla makaa hayajawa mekundu yote, na mlango aliuacha wazi. Alinieleza kwa ukali, kidole kimenyooshwa, kwamba makaa hayana harufu yanapoua. Kila msimu wa baridi hutangazwa familia iliyofunga madirisha, ikalala na jiko ndani, isiamke. Kama unaye mtu anayehamia Nairobi kutoka pwani, mwambie hili kabla hujamwambia lolote lingine. Sisi hatulijui kwa sababu nyumba zetu hazifungwi hivyo.

Baada ya kula mama alijinyosha ukumbini akapitiwa na usingizi, koti juu yake. Mama mdogo aliketi karibu nami akichambua mchicha wa jioni, na bila mimi kuuliza akaanza habari ya 2010.

"Alikaa hapa siku arubaini na moja," akasema. "Asubuhi hutoka na chupa ya uji, kwa miguu, nauli alikuwa akiweka kwa ajili ya dawa. Jioni hurudi kwa miguu. Nikimwambia pumzika leo niende mimi, hataki. Siku moja nilimwambia, basi twende walau Uhuru Park ukakae kwenye nyasi. Akasema, nitakwenda nikiwa sina mtu kitandani. Siku arubaini na moja, hajaona kitu cha Nairobi ila njia ile."

Niliendelea kuchambua mchicha. Sikuweza kusema lolote, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na minne, nimeachwa na wadogo zangu wawili kwa bibi. Kwenye ukuta wa bibi kulikuwa na kalenda yenye picha ya jumba refu la mviringo, na mimi nilikata shauri kwamba mama yuko huko, anapanda lifti, anatazama magari kutoka juu. Nilikuwa na uchungu naye. Aliponipigia simu nilimuuliza, kwa sauti ya mtoto anayeshitaki, kama ameliona lile jumba. Akanijibu, "Nimeliona, mwanangu. Zuri kweli." Nikalia, kwa wivu. Kwa miaka kumi na mitano nimeamini kwamba mama aliliona.

Usiku ule sikumuuliza. Tulirudi chumbani, tukala mahamri yaliyobaki, akabandika miguu yake kwenye yangu.

Jumapili asubuhi tulikwenda Makumbusho ya Taifa. Mimi nilikuwa nimepanga tupite vyumba vyote. Mama alisimama kwenye kimoja. Ni mifupa ya mtoto wa kiume iliyopatikana Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwaka 1984. Mkenya Kamoya Kimeu, ambaye jicho lake lilikuwa likitofautisha mfupa na jiwe mahali wengine wanaona changarawe tu, ndiye aliyekiona kipande cha kwanza. Mtoto huyo aliishi karibu miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mama alinisomesha maandishi mara mbili. Habari ya miaka haikumshika. Aliuliza alikuwa na umri gani alipokufa, nikamwambia wanakadiria kama miaka minane au tisa. Akatazama zile mbavu ndogo. "Maskini mamake," akasema, na tukatoka.

Mchana mawingu yalipasuka kidogo, na nilimpeleka KICC, jumba la mikutano, lile la kwenye kalenda ya bibi. Nilikuwa nimeipanga tangu Mombasa, kabla ya kusikia aliyoyasema mama mdogo, kama zawadi ya kumrudisha mahali alipopapenda. Jumba hilo lilikamilika 1973. Walichora wawili, Karl Henrik Nøstvik wa Norwe na David Mutiso wa Kenya. Lina ghorofa 28, mita 105, na tangu 2019 limo kwenye kila noti yetu mpya, kwa hiyo mama alikuwa analo mkobani, limekunjwa mara nne. Kwenye uwanja alisimama akainua kichwa mpaka mtandio ukadondoka nyuma. Nilimtazama yeye.

Lifti haifiki juu kabisa. Ngazi za mwisho ni za miguu. Alizipanda akishika ukuta, akipumzika kila baada ya chache. Tulipotokea kwenye paa, upepo ukatupiga, na yeye akageuza uso kuupokea. Alizunguka mpaka upande mmoja, akanyoosha kidole kuelekea kilimani.

"Pale," akasema. Ilikuwa hospitali. Aliitambua haraka kuliko mimi ambaye nimeiona kwenye ramani. Kidole chake kikaanza kurudi, taratibu, juu ya mapaa na barabara. "Natokea kule. Napita hapo kwenye mzunguko. Hapo kulikuwa na mama akiuza ndizi, akinipa mbili kwa bei ya moja. Hapo ndipo napumzika." Ukucha wake ulipita karibu kabisa na miguu ya jumba tulilosimama juu yake. "Na hapa napita kila siku. Asubuhi na jioni."

Nikangoja.

"Nilipokupigia ukaniuliza nimeliona," akasema. Hakuwa ananitazama. "Nililiona kwa chini. Sikuinua kichwa. Nilikuwa nikihesabu hatua, nikiinua kichwa nasahau hesabu. Nilikwambia zuri kwa sababu ulikuwa na sauti ya kulia."

Nilimwambia kwamba mama mdogo amenieleza. Nilimwambia nilikuwa na uchungu naye mwaka mzima. Akasema alijua. "Uchungu wako ulikuwa afadhali," akasema, "kuliko ungejua." Baba alirudi nyumbani baada ya zile siku, akaishi miaka miwili mingine, akamwona mdogo wetu akianza shule. Hilo sote tunalikumbuka. Zile siku zenyewe zilikuwa za mama peke yake.

Akafuta pua kwa ncha ya mtandio. Kisha akaigeuzia hospitali mgongo na kuuliza, "Na kule ni nini?"

Tukazunguka paa zima. Kule ni Uhuru Park, yale maji ni ziwa la mashua. Kule ni stesheni tuliyoshuka. Ule mnara ni msikiti wa Jamia, jengo hili la sasa lilikamilika 1933. Jirani yake ni maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Yale majani ya manjano kule mbali, baada ya majumba, ni hifadhi ya wanyama, iliyoanzishwa 1946. "Kuna simba hapo?" Wapo. "Mjini?" Mjini. Vilima vya Ngong vilikuwa ndani ya wingu, nikamwonyesha mahali pake tu. Alizunguka mara ya pili akinieleza yeye, kuona kama ameshika. Alikosea viwili. Mlinzi wa paa akamsahihisha, naye akashukuru.

Tulishuka, tukanunua mahindi ya kuchoma yenye ndimu na pilipili, tukaenda kukaa kwenye nyasi za Uhuru Park. Zilikuwa na umande bado saa tisa za mchana. Alitandika moja ya yale magunia ya Miritini.

Treni ya usiku ilitufikisha Mombasa kabla ya alfajiri. Mlango ulipofunguka, joto la unyevu likatupokea kama kitambaa kilichotoka kuchemshwa, na mama akavua koti lakini hakulitia begini. Alilikunja mkononi mpaka nyumbani.

Jumatatu, saa nne asubuhi, jirani alikuja na kitambaa cha dera. Akiwa bado mlangoni akasema, "Poleni na safari. Mgonjwa aendeleaje?" Mama alikuwa na pini mdomoni. Juu ya meza alikuwa amelitandaza koti la kahawia, bitana imefumuliwa upande mmoja, mkunjo wa mgongoni umefunguliwa wote, na chini yake karatasi kubwa ya kukatia ambayo ameshaichora kwa chaki nusu. Alitikisa kichwa tu, jirani akaketi.

Nilikuwa napita kwenda kazini. Mama akatoa pini mdomoni, akavuta futi shingoni.

"Hebu ndoo," akaniambia. "Simama wima." Akaanza kunipima mabega.